Bohari ya Chuma Baada ya Muungano: Tathmini ya Mteja wa Muda Mrefu

Bohari ninayoitathmini hapa imo katika Eneo la Viwanda, Nairobi, na kwa miaka mingi imewauzia wakandarasi wa kadiri yangu nondo, mabati, mabomba ya mraba na vyuma vya pembe, pamoja na huduma ya kukata na kupinda nondo kwa vipimo vya mhandisi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu baadhi ya watu waliofanya kazi humo bado wanafuatilia malipo yao, na sitaki maandishi yangu yawe kisingizio cha kuwacheleweshea haki.

Kampuni iliyoimiliki bohari hii iliungana na kampuni nyingine ya chuma, bohari mbili zikafanywa moja, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wa zamani ikaachishwa kazi. Barua tuliyopelekewa sisi wateja ilieleza kuwa gharama zimepanda, ikataja bei ya umeme na ushuru wa asilimia 17.5 ambao Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliutoza juu ya vipande vya chuma ghafi vinavyoagizwa kutoka nje, kisha ikaahidi huduma bora zaidi. Sina shaka kwamba gharama zilipanda. Lakini nimenunua humo kabla ya muungano na baada yake, na nimeridhika kwamba walioandika barua ile walihesabu mishahara waliyookoa bila kuhesabu kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mishahara hiyo. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya chuma tulichokuwa tukilipia.

Nianze na nondo zenyewe, kwa kuwa ndizo zinazowaleta wengi wetu pale. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa takriban kilo 10.66, ya milimita 8, kilo 4.74, ya milimita 16, kilo 18.96. Hesabu hii kila fundi makini anaijua: unazidisha kipenyo cha milimita kwa chenyewe, unagawanya kwa 162, na jibu ni kilo za kila mita. Nondo za bohari hii tulizipima kwenye mizani yetu wenyewe na zilikuwa karibu sana na vipimo hivyo, jambo ninalolitaja kwa haki, maana mjini humu zipo nondo zinazouzwa kwa jina la milimita 12 ambazo ukizipima kwa kalipa hazifiki. Upande wa uzito, basi, sina lalamiko.

Lalamiko langu ni kuchanganywa kwa mizigo. Viwanda vyetu huyeyusha vyuma chakavu au hupitisha vipande vilivyoagizwa kutoka nje kwenye silinda za kukibana chuma, na kwa sababu hiyo chuma cha mwyeyusho mmoja huweza kutofautiana na cha mwyeyusho uliofuata siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kila mzigo unastahili kuambatana na cheti cha majaribio kinachoonyesha namba ya mwyeyusho na nguvu iliyopimwa. Tangu muungano, bohari inapokea nondo kutoka viwanda viwili ambavyo zamani vilikuwa vya washindani. Mzigo niliopelekewa katika mtaa wa Utawala ulikuwa na nondo zenye chapa mbili tofauti ndani ya furushi moja, ilhali cheti kilikuwa kimoja. Chapa moja ilikuwa ya chuma chenye nguvu ya nyutoni 500 kwa kila milimita mraba, nyingine ya chuma cha 460, yaani dhaifu zaidi. Mhandisi aliyechora nguzo zetu alihesabu kwa 500. Tulizifungua nondo zote, tukazitenga moja baada ya nyingine kwa kusoma chapa, na zile za 460 tukazirudisha. Bohari ilizipokea bila ubishi na ikatuletea nyingine, ila hakuna aliyeweza kutueleza zilichanganyika wapi.

Zamani jambo hilo lisingevuka lango. Bohari ilitunzwa na mzee mmoja aliyejua kila furushi limetoka wapi na limelala pale tangu lini. Alikuwa na daftari lake la jalada gumu, na kila mzigo ulioingia aliuandikia namba ya mwyeyusho kabla haujashushwa. Nakumbuka siku aliyonizuia nikiwa nimekwisha kulipa. "Injinia, mzigo huu usiupeleke kwenye nguzo," aliniambia. "Cheti chake hakijafika. Chukua ule wa ukutani. Huu tutauweka mpaka karatasi zije." Nikamwambia, "Sawa, Mzee, wewe ndiwe unayejua." Sikuhitaji maelezo zaidi. Mwaka 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda na viwanda vikakosa malighafi, ni yeye aliyekuwa akitupigia simu kutueleza ni vipimo gani vitaadimika na ni vipi tuviagize mapema. Mzee huyo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa barua. Mahali pake pamewekwa kompyuta yenye programu inayoonyesha idadi ya nondo kwa kipenyo, na programu hiyo, kwa kadiri nilivyoonyeshwa, haina sehemu ya namba ya mwyeyusho.

Kwa anayejenga nyumba ya ghorofa moja huenda haya yakaonekana kuwa madogo. Sisi tunaojenga ghorofa sita au saba katika mitaa yenye udongo mweusi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hatuwezi kuyaona hivyo. Jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016 liliua watu zaidi ya 40, na tangu siku hiyo sijakubali kupokea chuma ambacho siwezi kukifuatilia hadi tanuruni.

Huduma ya kukata na kupinda ndiyo iliyoharibika zaidi. Ringi za mihimili, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo kuu, zinapaswa kufungwa kwa ncha zilizopindwa nyuzi 135, ziingie ndani ya zege, ili mhimili ukielemewa ringi isifunguke. Jedwali letu la upindaji lilisema hivyo waziwazi, pamoja na mchoro. Ringi zilizoletwa zilikuwa na ncha za nyuzi 90, tena fupi, kwa sababu aliyekata hakuongeza urefu wa ncha kwenye vipimo vya pande nne. Nilipokwenda bohari kuuliza, niliwakuta vijana walioletwa na wakala wa vibarua, wengi wao wageni kwenye mashine ile, wakifanya kazi bila msimamizi anayeweza kusoma jedwali. Sitawalaumu vijana hao hata kidogo. Walipewa karatasi yenye alama wasizofundishwa, wakafanya walichoweza. Watu waliokuwa wakiwafundisha wageni, wapindaji wenye uzoefu wa miaka kumi na zaidi, ndio walioondolewa kwa wingi kuliko kundi lingine lolote, na sababu niliyoelezwa na msimamizi aliyebaki ni kwamba bohari ya kampuni ya pili ilikuwa na mashine mpya zaidi. Mashine ni nzuri kweli. Hupinda haraka, kwa nyuzi utakazoiambia, zikiwamo nyuzi zisizofaa.

Jambo la kreni lilinitia hofu. Furushi la nondo za milimita 20 liliinuliwa kwa mnyororo mmoja katikati, likayumba juu ya vichwa vya wapakiaji, huku aliyeshika kidhibiti akipokea maelekezo kwa kelele kutoka pande mbili. Nilimwondoa turnboi wangu pale mara moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelekezo, mafunzo na usimamizi, na haisemi kwamba kibarua wa wakala anastahili kidogo kuliko mwajiriwa wa kudumu.

Ofisini na kwenye mizani, foleni imekuwa ndefu. Karani mmoja sasa ndiye anayepima lori, anayeandika hati ya kupokelea mizigo na anayetoa ankara, kazi iliyokuwa ya watu watatu. Yeye ni mwenye adabu na anajitahidi sana. Mama huyo sijamwona akila chakula cha mchana. Lakini lori linalofika asubuhi huondoka alasiri, na kukodi lori siku nzima Nairobi ni gharama ambayo haimo kwenye ankara ya bohari na ambayo mimi hulazimika kuilipa. Bei za nondo, kwa wanaouliza, hazikushuka baada ya muungano.

Yapo mambo mawili yanayostahili sifa bila kusita. Sehemu ya mabati imebaki na watu wake, na tofauti inaonekana. Mabati ya geji 28 ni ya geji 28 ukiyapima, yanakatwa kwa urefu ulioagiza, rangi haichubuki wakati wa kupakia, na fundi wa mashine hukuuliza mteremko wa paa kabla hajakubali oda. Vilevile madereva wa zamani wamebakishwa. Hupiga simu kabla ya kuingia Ruai au Utawala, wanajua ni barabara gani isiyopitika mvua ikinyesha, na hushuka kuhesabu mzigo pamoja na mlinzi wako. Kama uongozi ungetaka ushahidi wa kile ulichokipoteza katika sehemu ya nondo, ungeupata kwa kutembea hatua chache hadi upande wa mabati.

Sasa nije kwenye namna watu walivyoondolewa, kwa kuwa mteja anayelipa pesa zake mahali ana haki ya kujua zinavyotumika. Haya nimeyapata kwa wafanyakazi wenyewe, wa chama na wasio wa chama. Waliokuwa katika chama cha wafanyakazi walipata ilani kupitia chama, na mazungumzo yakafanyika. Makarani na watunza bohari, ambao hawakuwa wanachama, waliitwa Ijumaa, wakapewa barua, na Jumatatu iliyofuata majina yao hayakuwa langoni.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hakiruhusu jambo hilo. Mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu kazi zao hazihitajiki tena anapaswa kukijulisha chama, pamoja na afisa wa leba, sababu na kiasi cha upunguzaji, angalau mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama hujulishwa yeye binafsi kwa maandishi, na afisa wa leba vilevile, na Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2013 kwamba hakuna sababu ya kumpa mtu huyo muda mfupi kuliko mwenzake wa chama. Juu ya ilani hiyo, kuna ilani ya mwezi au mshahara badala yake, fedha za likizo ambayo hakuichukua, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Mtu aliyefanya kazi miaka 22 anastahili mshahara wa siku 330 kwa kipengele hicho peke yake. Hiyo si hisani ya kampuni, na meneja anayeiita "zawadi ya kuwaaga", kama nilivyosikia ikiitwa, anawapotosha watu kuhusu mali yao.

Sheria hiyo inataja pia mambo ya kuzingatia katika kuchagua nani aondoke: muda aliotumikia, ustadi wake, uwezo wake na uaminifu wake. Nimewaza sana kuhusu hili kuhusiana na wapindaji na yule mzee wa daftari. Kwa vigezo vyote vinne wao ndio waliostahili kubaki. Kigezo pekee ambacho kingewatoa ni kwamba mishahara yao, kwa sababu ya miaka yao, ilikuwa mikubwa kuliko ya wageni, na kigezo hicho hakimo katika sheria.

Kilichonishtua zaidi kilitokea baadaye. Baadhi ya walioachishwa wameitwa tena kupitia kwa wakala, kwenye lango lile lile na mashine ile ile, wakiwa vibarua wanaolipwa kwa siku, bila likizo wala hesabu ya miaka yao. Upunguzaji wa aina hii, kwa mujibu wa sheria, ni pale kazi ya mtu inapokuwa haihitajiki tena. Ikiwa mtu yule anahitajika kufanya kazi ile ile Jumatano, basi ilikuwa ikihitajika Ijumaa alipopewa barua. Aliyetendewa hivyo anaweza kulifikisha suala lake katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, mradi asizidishe miaka mitatu tangu kuachishwa, na mahakama ikiridhika kwamba aliachishwa isivyo haki inaweza kumpa fidia hadi mshahara wa miezi 12. Nimewaeleza hayo wale ninaowafahamu, na nimewasihi kuzitunza barua zao, hati za mishahara na hata picha za siku za kazi ya kibarua. Nimewaambia pia wadai cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukitoa, kwa kuwa wengi wao walijifunza ufundi kazini na hawana karatasi nyingine. Wenye nafasi waende wafanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo makao yake yako huko huko Eneo la Viwanda.

Wapo watakaosema kwamba haya ndiyo maumbile ya biashara ya chuma duniani. Ni kweli kwamba British Steel ya Uingereza ilipoungana na Hoogovens ya Uholanzi mwaka 1999 na kuwa Corus, haikupita miaka miwili kabla kampuni hiyo mpya kutangaza, Februari 2001, kwamba ingepunguza kazi zaidi ya 6,000 nchini Uingereza. Lakini pale palikuwa na matanuru ya kuyeyushia madini na soko lililokuwa likisinyaa. Nairobi inajenga kila mtaa; chuma kinahitajika, na mtu wa kukipanga, kukipima na kukipinda anahitajika pamoja nacho.

Hapa kwetu, tena, sheria haikuliacha jambo hili kwa wenye hisa peke yao. Mamlaka ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, inapochunguza ombi la muungano inaweza kuangalia maslahi ya umma, ajira ikiwa mojawapo, na katika miungano kadhaa imeweka masharti ya kutowaondoa wafanyakazi kwa muda fulani. Mamlaka hiyo hiyo, Agosti 2023, iliwatoza watengenezaji tisa wa chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei pamoja. Katika sekta yenye rekodi ya namna hiyo, kila muungano unaopunguza wauzaji unastahili kukaguliwa tena baada ya kukamilika, kwa kuzungumza na waliotolewa pamoja na wanaonunua, kwa kuwa makundi hayo mawili ndiyo yanayoyaona mabadiliko kila siku.

Nilimweleza meneja wa bohari haya yote ana kwa ana, nikamwonyesha ringi za nyuzi 90 na furushi lenye chapa mbili. Alinisikiliza kwa heshima, akakubali kunirudishia gharama ya ringi, na akasema suala la wafanyakazi limeamuliwa na wakubwa wake. Namwamini. Nilimwomba afikishe huko juu ombi moja: warudishe mtu wa kusoma vyeti vya mizigo, na wapindaji wawili au watatu wa kufundisha, wote kwa ajira ya kudumu na miaka yao ikihesabiwa. Mishahara yao ingelipwa na fedha zinazopotea sasa kwa ringi zinazorudishwa.

Kwa wakati huu, mabati nayanunua pale pale na ninawashauri wengine wafanye vivyo hivyo. Nondo ninazichukua pale ikiwa tu fundi wangu ameruhusiwa kusoma chapa na kulinganisha na cheti kabla ya kupakia, na bohari hairuhusu hivyo siku zenye foleni. Ringi nimezihamishia Kariobangi Light Industries, ambako wapindaji watatu kati ya walioachishwa wamekodi kibanda. Mimi huwapelekea nondo zilizokwisha kupimwa, wao hukata na kupinda kwa mkono juu ya meza ya chuma, na ringi zao zina nyuzi 135 bila kukumbushwa. Wanahitaji jedwali siku mbili mapema na nusu ya malipo kabla ya kuanza, kwa kuwa hawana mtaji wa kungojea ankara ya siku 30. Zaidi ya milimita 16 hawawezi kupinda kwa vifaa walivyo navyo, na kwa kazi hizo bado narudi bohari, fundi wangu akisimama kando ya mashine na jedwali mkononi.